Mishale ya Ramani ya Mkakati na Jinsi Tulivyojifunza Kuipima

Kwa miaka mingi nimekuwa afisa mipango katika mamlaka ya maji ya mji mmoja nchini Tanzania, na katika muda huo sijaona chombo cha usimamizi kinachosifiwa sana na kutumiwa nusunusu kama kadi ya alama linganifu (balanced scorecard) pamoja na mwenzake, ramani ya mkakati, yaani mchoro unaounganisha malengo ya taasisi kwa mishale. Taasisi nyingi huichukua kadi, yaani orodha ya viashiria iliyogawanywa katika mitazamo minne ya fedha, wateja, michakato ya ndani, na kujifunza na kukua, kisha huiacha ramani ipambe ukurasa mmoja wa mpango mkakati. Nionavyo mimi, kazi yenyewe imo katika ramani, na ndani ya ramani imo katika mishale. Kila mshale unaotoka lengo moja kwenda jingine ni dai kwamba jambo hili likifanyika, lile litafuata. Fedha za wateja hutumika kwa kuyaamini madai hayo, kwa hiyo ni haki yao kwamba yapimwe.

Kabla ya ramani tulikuwa na viashiria vingi mno. Kulikuwa na vile vya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji nchini, ambayo kila mwaka hutoa taarifa ya utendaji na kuzipanga mamlaka za maji kwa nafasi. Kulikuwa na vya wizara, na vya wafadhili wa miradi. Na kila idara ilikuwa na vyake ilivyojitungia. Taarifa ya robo mwaka ilikuwa nene, na kurasa zake nyingi zilipakwa rangi ya kijani, alama ya shabaha iliyofikiwa. Wakati huohuo mwenyekiti wa bodi alikuwa akisimamishwa msikitini na sokoni na watu wanaouliza kwa nini mtaa wao haujapata maji, na mhasibu mkuu alikuwa akihangaika kupata fedha za kulipia umeme wa pampu. Katika kikao kimoja mwenyekiti alifunga taarifa, akauliza swali ambalo nalikumbuka vizuri: katika viashiria hivi vyote, ni kipi kikisogea kinakisogeza kingine? Hakuna idara iliyoweza kumjibu. Kila moja ilijua namba zake, na hapakuwa na aliyekabidhiwa uhusiano kati ya namba za idara moja na nyingine.

Swali lile ndilo hasa lililozaa ramani ya mkakati. Robert Kaplan na David Norton walianza na utafiti wa mwaka 1990 uliohusisha kampuni 12, wakachapisha wazo la kadi mwaka 1992, na kwa miaka kadhaa kadi ilijulikana zaidi kama njia ya kuzuia viongozi wasitazame fedha peke yake. Ramani ilikuja baadaye, katika makala yao ya mwaka 2000 na kitabu cha mwaka 2004, baada ya wao kuona kwamba kampuni zilikuwa zikijaza visanduku vinne bila kueleza visanduku hivyo vinahusiana vipi. Hata kadi yenyewe ilikuwa na mzazi kazini: Arthur Schneiderman, aliyekuwa akisimamia ubora katika kampuni ya Analog Devices huko Massachusetts, alikwisha kutengeneza kadi yake mwaka 1987, na kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa zile 12. Historia hii huwa naisimulia kwa wafanyakazi wapya, kwa sababu inaonyesha kwamba chombo hiki kilitokana na watu waliokuwa na tatizo la kiwandani la kulitatua.

Jambo la kwanza lililotugombanisha lilikuwa juu ya ramani kukaa nini. Katika kampuni ya biashara, mtazamo wa fedha hukaa kileleni, kwa kuwa wenye hisa ndio wanaongoja faida. Mamlaka ya maji haina wenye hisa wa namna hiyo. Mhasibu mkuu alisema, na kwa haki kabisa, kwamba bila mapato hakuna umeme, bila umeme pampu hazizunguki, na bila pampu mazungumzo ya mteja ni maneno matupu. Mkuu wa huduma kwa wateja akamjibu kwamba mamlaka inaweza kukusanya fedha vizuri sana kutoka kwa nusu ya mji na kuisahau nusu nyingine, na ramani yenye fedha kileleni ingeyaita mafanikio. Tuliangalia mji wa Charlotte katika jimbo la North Carolina, Marekani, ambao ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuitumia kadi hii katika utumishi wa umma na ambao ulimweka mwananchi anayehudumiwa juu ya fedha. Nasi tukafanya hivyo: kileleni tukaweka maji salama yanayofika kwa saa nyingi zaidi kwa kaya nyingi zaidi, na fedha tukaziweka chini yake kama kitu kinachowezesha. Uamuzi huu ulichukua kikao kizima, na sidhani kama muda ule ulipotea, kwa kuwa mabishano yote yaliyofuata yalikuwa na mahali pa kurejea.

Kisha tukaanza kuchora mishale, na hapo ndipo tulipojiwekea kanuni iliyotufaa kuliko zote. Mtu yeyote aliyetaka kuchora mshale alitakiwa kuandika chini yake sentensi moja kamili: tukifanya jambo fulani, jambo fulani litabadilika, kwa sababu fulani, na tutaliona badiliko hilo katika kiashiria fulani baada ya miezi fulani. Mishale mingi ilianguka palepale ubaoni. Kulikuwa na mshale mmoja mnene uliotoka kwenye mafunzo ya watumishi kwenda kwenye kuridhika kwa wateja, wa aina inayopatikana karibu katika kila ramani niliyopata kuiona, na aliyeuchora hakuweza kusema ni mafunzo gani, ya nani, na mteja angeyaona wapi. Tuliufuta. Sehemu ya chini ya ramani, ya kujifunza na kukua, ndiyo iliyoumia zaidi katika zoezi lile, na niliona ni afya, kwa sababu ndiko idara zilikokuwa zimezoea kurundika semina.

Mshale ulionifunza mengi zaidi ulihusu mivujo. Kileleni tulitaka saa nyingi za huduma. Ili tuzipate tulihitaji kupunguza upotevu wa maji. Na ili kupunguza upotevu, idara ya ufundi ilisema, ni lazima mivujo izibwe haraka, kwa hiyo chini kabisa tuwapeleke mafundi mafunzoni. Upotevu wa maji, kwa msomaji asiye wa sekta hii, ni tofauti kati ya maji yanayozalishwa na yale yanayoingia katika ankara: mamlaka ikizalisha mita za ujazo 100 na kutoza 65, upotevu ni asilimia 35. Sehemu yake ni maji yanayomwagika kweli, sehemu ni maji yaliyotumiwa na kuhesabiwa pungufu au kuibwa, na sehemu ndogo ni yale yanayotumiwa kwa halali bila malipo, kama ya zimamoto. Kiashiria chetu cha muda wa kuziba mivujo kilikuwa kijani muda wote. Idara iliahidi kuziba ndani ya siku moja, na taarifa zilionyesha inaziba ndani ya siku moja, lakini upotevu ulikuwa palepale. Ikiwa mshale ule ulikuwa wa kweli, namba hizo mbili zisingeweza kukaa hivyo pamoja.

Niliomba ruhusa nifuate taarifa moja ya mvujo tangu inapopokelewa hadi inapofungwa. Simu ilipigwa asubuhi na mkazi wa mtaa wa pembeni, ikaandikwa katika daftari la dawati la wateja. Mchana daftari lilipelekwa ofisi ya kanda. Kesho yake msimamizi alikwenda kukagua, akarudi na kuandika ukubwa wa bomba na vifaa vinavyotakiwa. Ombi la vifaa lilihitaji saini mbili, na mmoja wa wenye saini alikuwa safarini. Vifaa vilipotoka stoo, ndipo kadi ya kazi ikafunguliwa, na saa ya kiashiria ikaanza kuhesabu kuanzia hapo. Nilisimama kando ya shimo nikimtazama fundi mkongwe, mtu aliyeanza kazi kabla sijamaliza shule, akisafisha matope kwenye bomba kwa kiganja, akizungushia klampu na kukaza nati kwa mpangilio, moja huku na moja kule, ili mpira ulale sawasawa. Hakutumia hata saa moja. Nilipomuuliza kuhusu mafunzo tuliyokuwa tumempangia, alijibu kwa upole: "Mwanangu, kuziba najua. Nipe klampu zikae kwenye gari, usiku ule ule maji yanakoma."

Jibu lile lilibadilisha ramani. Lengo la kuwafundisha mafundi liliondoka, mahali pake likaingia akiba ya vifaa vya dharura katika gari la zamu, pamoja na mamlaka ya msimamizi wa kanda kuidhinisha matengenezo madogo bila kungoja makao makuu. Kiashiria nacho kilianza kuhesabiwa tangu mteja alipopiga simu. Mara moja kikawa chekundu, na naishukuru menejimenti yetu kwa kuvumilia wekundu ule kwa robo mwaka mbili bila kumtafuta wa kumlaumu. Taasisi inayomwadhibu mtu kwa kusema ukweli mpya itaendelea kupewa ukweli wa zamani. Baada ya hapo muda wa kweli ulianza kushuka, na katika kanda ambazo maji yanayoingia yanapimwa kwa dira kubwa, yaani mita ya maji, tuliona mtiririko wa usiku wa manane, wakati watu wamelala na matumizi ni kidogo, ukipungua pia. Mtiririko wa usiku ni shahidi mzuri wa mivujo, na kwa mara ya kwanza mshale wetu ulikuwa na ushahidi huku na huku.

Mshale wa pili uliotufundisha ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu ulikuwa wa kweli mahali pamoja na wa uongo mahali pengine. Ulisema kwamba tukibadilisha dira zilizochakaa katika nyumba za wateja, mapato yataongezeka. Sababu yake inaeleweka. Dira za kimekanika zikizeeka huhesabu pungufu, na upungufu huwa mkubwa maji yanapopita polepole. Nyumba nyingi za mji wetu zina tenki juu ya mnara. Boya la tenki linapokaribia kufunga, maji huingia kwa mchirizi mwembamba, na dira iliyochoka haiuhesabu mchirizi huo hata kidogo. Katika kanda zinazopata maji kila siku, dira mpya zilileta mapato kama sentensi yetu ilivyotabiri. Katika kanda za mgawo, ankara zilipanda, malipo yakashuka, na malalamiko yakajaa kaunta.

Mama mmoja aliyekuja na ankara tatu mkononi alimweleza mhudumu wetu kwa maneno machache: "Dira inazunguka, ndoo haina kitu." Wengine ofisini walimchukulia kama mdeni anayetafuta sababu, lakini alikuwa amesema jambo ambalo wahandisi wetu walilijua na halikuwa limefika kwenye ramani. Bomba la mgawo hukaa tupu kwa siku kadhaa. Maji yakirudi husukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo huzungusha dira kabla tone halijatoka. Dira mpya ni nyepesi kuliko ile ya zamani, kwa hiyo huzunguka zaidi. Tulikuwa tunawatoza watu upepo. Tulipotenganisha takwimu za kanda za mgawo na zile za maji ya kila siku, mshale mmoja uligawanyika kuwa miwili: mahali penye maji ya kila siku, badilisha dira, mahali penye mgawo, anza na kuongeza saa za huduma na kuweka vali za kutolea hewa, dira zije baadaye. Fedha za dira za mwaka ule zilihamishwa kwa kufuata mpangilio huo, na waliozidishiwa walirekebishiwa ankara. Kiashiria cha jumla cha mamlaka nzima kisingetuonyesha jambo hili kamwe, maana kupanda kwa upande mmoja kulikuwa kunaficha kushuka kwa upande mwingine.

Nimesoma kwamba hatukuwa peke yetu katika udhaifu huu. Christopher Ittner na David Larcker walichapisha mwaka 2003 utafiti uliohusisha kampuni 157, wakaona kuwa asilimia 23 tu ndizo zilizojenga na kuhakiki mara kwa mara uhusiano wa sababu na matokeo kati ya viashiria vyao. Hanne Nørreklit wa Denmark alikuwa ameshahoji mwaka 2000 kama uhusiano huo unaodaiwa kati ya mitazamo minne upo kweli. Naheshimu ukosoaji wake, na ndiyo sababu nawasihi wenzangu wa mipango wasiuchukulie mpangilio wa mitazamo minne kama sheria ya maumbile. Katika mji wetu uhusiano upo pale tulipouona, katika kanda tulizoupima.

Upande wa watumishi unahitaji uangalifu wa peke yake. Utumishi wa umma wa Tanzania ulianza kutumia mfumo wa wazi wa tathmini ya utendaji, OPRAS, mwaka 2004, na sasa upo PEPMIS unaotumia mtandao. Kwa hiyo ni rahisi kuchukua kila kiashiria cha kadi na kukishusha moja kwa moja hadi kwenye malengo ya mtu mmoja mmoja. Kwetu wasoma dira walikuwa wakipimwa kwa idadi ya dira wanazosoma kwa mwezi. Idadi ilitimia, na pamoja nayo makadirio yakatapakaa: geti limefungwa, mbwa mkali, mvua kubwa, basi inaandikwa namba inayofanana na ya mwezi uliopita. Vijana hawa si wavivu, wanatembea juani tangu asubuhi, ila kipimo chenyewe kiliwaelekeza huko. Tukakipa kiashiria kile mwenza: idadi ya usomaji pamoja na sehemu ya ankara zilizorekebishwa baada ya mteja kulalamika, na picha ya dira ikawa sehemu ya usomaji. Tangu hapo nashikilia kwamba kiashiria chochote cha wingi kinachomgusa mtumishi kisiende peke yake bila cha ubora. Posho nazo nimeshauri zisifungwe kwenye mshale ambao haujapimwa walau kwa mwaka mzima wa fedha, kwa kuwa mtu akishalipwa kwa dai hataki tena kulihoji.

Kuhusu shabaha nitasema kwa kifupi. Zamani tulizichagua kwa kupendeza kwa namba: upotevu utashuka kwa asilimia kumi ifikapo Juni, kwa sababu kumi inaandikika vizuri. Schneiderman alikuwa na njia bora zaidi, ya kuuliza kwanza timu imewahi kuchukua muda gani kupunguza kasoro kwa nusu, kisha kuweka shabaha kwa mwendo huo. Tulipotumia hesabu yake katika kanda zilizokwisha kuimarika, tulipata shabaha ndogo kuliko za zamani, na bodi ilizipokea bila furaha. Hata hivyo ndizo za kwanza ambazo mameneja wa kanda walizitetea kama zao.

Vikao vimebadilika pia. Mambo ya kila siku, kama pampu iliyoungua au barabara iliyokata bomba, yana kikao chake cha wiki, na hayaruhusiwi kuingia katika kikao cha mkakati cha robo mwaka, ambacho huanza kwa ramani ukutani. Tunachagua mishale michache, mwenye mshale anasoma sentensi yake kama ilivyoandikwa, kisha tunatazama namba za pande zote mbili. Majibu yanayokubalika ni matatu: ushahidi unaunga mkono, ushahidi unakataa, au muda tuliotabiri haujafika. Kiashiria ambacho kwa robo mwaka nne hakijabadilisha uamuzi wowote hutolewa kwenye kadi, hata kama bado tunakipeleka kwa mdhibiti kama sheria inavyotaka. Kadi yetu sasa inaenea katika ukurasa mmoja, na mwenyekiti wa bodi huja nayo mkononi akiwa ameiandika maswali pembeni.

Ramani ya mwaka huu wa fedha ina mshale mmoja wa nukta nukta, alama tuliyokubaliana kwa madai ambayo hayajapimwa. Unatoka kwenye kuwapa wasimamizi wa kanda bajeti ndogo wanayoitawala wenyewe, unakwenda kwenye kubaki kazini kwa mafundi wazoefu, kwa sababu wanaoondoka husema walichoka kungoja vifaa kuliko walivyochoshwa na mshahara. Mhasibu mkuu haamini, mkuu wa utawala anaamini, na wote wawili wameweka saini chini ya sentensi ileile. Kanda mbili zimepewa bajeti hiyo tangu Julai, mbili zinazofanana nazo zimebaki na utaratibu wa zamani, na takwimu za waliobaki na walioondoka zitasomwa katika kikao cha robo ya nne.